Treni Iliyopita Juu ya Mlango wa Choo

Siku ambayo ndoa yangu iliamuliwa, choo cha nyumbani kwetu hakikuwa na mlango, na shangazi wa mchumba wangu alikuwa ndani yake anaimba kwa nguvu ili watu wajue kuna mtu.

Mlango wenyewe ulikuwa sebuleni. Juu yake kulikuwa na treni.

Najua mmeshaanza kucheka. Chekeni taratibu, maana mimi saa hiyo nilikuwa nakaribia kukosa mke.

Tulieni niwaeleze, na nitaanza mwanzo kabisa ili asipotee mtu.

Mimi ni fundi wa redio. Kwa kweli chochote chenye waya ukiniletea nitakifungua. Kukifunga ni kazi nyingine, hiyo tutazungumza.

Mchumba wangu ni fundi cherehani. Watu wote wanamwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni hata akienda msibani. Ukisimama karibu naye anakupima mabega bila kukuomba.

Tulipendana vizuri tu. Tatizo letu lilikuwa wazee.

Baba yangu alikuwa dereva wa treni. Mtaani wanamwita Mzee Honi, kwa kuwa mpaka leo akitaka chai anapiga honi kwa mdomo. Baba yake Futi alikuwa mtu wa bendera kwenye stesheni ndogo, yule anayeiwekea treni njia na kuionyesha ipite au isimame. Huyo ndiye Mzee Bendera.

Zamani wazee hawa walikuwa chanda na pete. Walikaa nyumba zinazotazamana palepale stesheni. Mama anasema hata chumvi walikuwa hawaombani, walikuwa wanaingia jikoni kwa mwenzao na kuchukua.

Kisha ikatokea ajali ya choo.

Pale stesheni palikuwa na njia kuu, na njia moja fupi ya pembeni iliyoishia kwenye ukuta wa choo. Aliyeijenga hivyo sijui alikuwa amekosana na nani. Kando ya reli palikuwa na mkono wa chuma. Ukiwa wima, treni inanyoosha njia kuu. Ukilala, treni inakata pembeni.

Siku hiyo Baba akaja na treni tupu, mwendo wa pole. Badala ya kunyoosha, treni ikakata pembeni, ikaenda mpaka mwisho, ikakisukuma choo.

Choo kikalala chini.

Ndani yake alikuwamo Bwana Mkaguzi, mkubwa wao wa kazi, aliyekuja kukagua usalama.

Hakuumia hata ukucha. Alibaki tu amechuchumaa juani, na abiria waliokuwa wanasubiri stesheni wakimtazama.

Baba akasema Bendera kamwekea njia ya choo. Bendera akasema njia aliiacha sawa, Honi ndiye aliyekuja kwa pupa treni ikaruka. Wakahamishwa wote wawili, kila mmoja upande wake, na habari ya kupanda cheo ikaishia hapo. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena.

Futi alikuwa mchanga wa siku chache. Mimi nilikuwa najifunza kutembea.

Tulikuja kukutana ukubwani, wazee wameshastaafu, mji mmoja na hawajuani hali. Aliniletea cherehani yake imeungua mota. Tulipogundua sisi ni watoto wa nani, tulikuwa tumeshachelewa.

Nilipokwenda kwao kujitambulisha, Mzee Bendera hakuniuliza kazi wala elimu. Aliniuliza swali moja.

"Baba yako ameshakiri?"

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ameshakiri?"

Nikarudi nyumbani kwa Baba. Baba akapiga honi fupi, ile ya hasira.

"Mwambie akikiri yeye kwanza, hata kesho uoe. Siwezi kula sahani moja na mtu aliyenipeleka chooni na treni nzima."

Basi tukawa hivyo. Mwaka ukaja, ukaenda, ukaja mwingine. Marafiki zetu wakaoa, wakazaa, wengine wakaachana na kuoa tena. Sisi bado wachumba.

Jioni moja Futi akaja kwenye kibanda changu, akakaa juu ya spika mbovu.

"Jumapili Baba anakuja kwenu. Nimemlazimisha. Anakuja na Shangazi."

"Afadhali!"

"Usifurahi. Hii ni mara ya mwisho. Jumapili ikishindikana, mimi basi. Nitaendelea kukupenda, lakini nitakupenda kwa mbali, nikiwa kwa mume wangu."

Jamani, moyo ulishuka mpaka kwenye soksi. Namjua Futi. Akisema atakata, anakata, na mkasi wake hauna mchezo.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Kila mmoja anasema yeye alikuwa sawa. Basi tuwape treni, waonyeshe."

"Treni ya nani?"

"Utakayoitengeneza wewe. Tujenge stesheni yao ndogo pale sebuleni kwenu, reli, choo, kila kitu. Waiendeshe kama siku ile, mbele ya watu. Au wewe siyo fundi?"

Hapo alinishika pabaya. Ukitaka kuniingiza shimoni, niambie mimi siyo fundi.

Sasa shida ikawa mfuko. Mfukoni kwangu kulikuwa na hewa na bisibisi. Nilisikia kuna treni za kuchezea zinauzwa dukani zikiwa na reli zake, nikaenda kuuliza bei, nikatoka dukani kinyumenyume.

Kwa hiyo nikaanza kuokoteza.

Mota nilitoa kwenye redio kaseti ambayo mwenyewe hajaifuata tangu aniletee. Kama unasoma hapa, ndugu yangu, redio yako bado inaendelea vizuri. Bodi ya treni ilikuwa kopo la samaki. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda nilivyovigonga kwa nyundo mpaka nusu ya mtaa ikaja kulalamika.

Reli ndizo zilizonitoa jasho. Nilijaribu waya, ukapinda. Nikajaribu mbao nyembamba, treni ikawa inalala kila kona kama imechoka na maisha.

Nikiwa nimekaa sebuleni nimekata tamaa, nikainua macho dirishani. Mapazia ya Mama yalikuwa yananing'inia kwenye reli nzuri za bati, ndefu, laini, zinazokubali kupindwa.

"Mama," nikasema kwa upole, "nahitaji reli."

"Nenda stesheni."

"Za pazia, Mama."

Mama akaacha kuchambua mboga. Alinitazama kwa namna ambayo nilipokuwa mdogo ilikuwa inatangulia kofi.

"Ni kwa ajili ya Futi," nikaongeza haraka.

Mama anampenda Futi kuliko anavyonipenda mimi, hilo halina siri. Akatoa mapazia yote mwenyewe. Kuanzia hapo, kila aliyepita barabarani alikuwa anatuona tunavyokula, na majirani wakaanza kutembea polepole sana wakifika usawa wa dirisha letu.

Ikabaki meza. Meza yetu ya sebuleni ni ndogo, ukiweka bakuli na kiwiko imejaa. Nilihitaji kitu kirefu, kipana na bapa.

Nikaanza kuitazama milango.

Mlango wa chumba changu umeliwa na mchwa, ukiuegemea unaanguka nao. Mlango wa chumba cha wazazi Mama akaukatalia palepale.

"Baba yako anavyokoroma, ukitoa ule mlango mtaa mzima utahama."

Mlango wa nje hauondoki, ndio unaotulinda. Ukabaki mmoja.

"Thubutu!" akasema Mama.

"Mpaka Jumapili jioni tu. Nitatundika shuka."

"Shuka!"

"Anayeingia ataimba, ili watu wajue kuna mtu."

Mama akafikiri. Akamfikiria Futi. Akaniambia, "Jumapili jua likizama, mlango wangu uwe mahali pake. Vinginevyo wewe ndiye utakayesimama pale uwe mlango."

Nikaung'oa bawabani, nikaulaza juu ya ndoo, upande wenye msumari wa kutundikia nguo ukaangalia chini. Tundu la kitasa likawa bahati yangu. Nilichomeka mwiko wa kupikia ndani yake, nikaufunga kwa mpira kwenye kipande cha reli kinachocheza, na huo ndio ukawa mkono wa kubadilisha njia. Mwiko ukisimama, treni inanyoosha. Ukiulaza kwa nje, treni inakata pembeni. Nilijipongeza mwenyewe kwa sauti.

Futi alileta vitambaa vyake vya mabaki. Akashona vilima, akavijaza vipande, akatengeneza bustani na abiria wa vifungo. Choo kilikuwa boksi la sabuni, akalikatia mlango mdogo wa karatasi. Mwisho akashona Bwana Mkaguzi, kidoli kidogo kimechuchumaa, kimevaa koti.

"Koti la nini tena?" nikamuuliza.

"Mkaguzi asiye na koti nani atamheshimu?"

Nyumbani nako kukawa vituko. Mama alikuwa anaimba polepole. Mimi nilikuwa naimba wimbo mmoja tu, na Baba hakuimba hata siku moja. Alikuwa anapiga honi mwanzo mpaka mwisho, ndefu na fupi, kama anapita kwenye vijiji.

Jaribio la kwanza treni ilirudi nyuma. La pili ilikwenda mbele kwa kasi ikaruka mezani, ikatua kwenye sufuria ya Mama. Niliitoa, nikaifuta, nikageuza nyaya, nikamwomba Mama msamaha, na jaribio lililofuata ikazunguka vizuri kabisa ikinukia vitunguu.

Baba alikuwa anatazama kwa mbali na kujifanya hajali. Lakini nilimkuta ameinama peke yake, analisukuma lile kopo la samaki kwa kidole kimoja, mdomo wake unanguruma kwa sauti ya chini. Nikarudi nyuma polepole asinione.

Jumapili ikafika.

Mzee Bendera aliingia amenyooka, kwapani ana bendera zake mbili za kazi, nyekundu na kijani. Nyuma yake Shangazi, mama mnene mwenye sauti, na mkoba mkubwa mweusi ambao sijui alikuwa amebeba nini humo, kwa sababu alipouweka kwenye kochi, kochi lilipiga kelele.

Baba akatoka chumbani amevaa kofia yake ya udereva. Hawakupeana mikono.

"Mwanangu," Baba akaniambia, "mwambie mgeni wako akae."

"Binti yangu," Mzee Bendera akamwambia Futi, "mwambie mwenye nyumba nimeona kiti."

Wamesimama wameachana kwa hatua moja tu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Futi akakohoa, akakunja futi yake mkononi. "Wazee wetu, tumewajengea stesheni. Leo kila mtu aonyeshe ilivyokuwa. Mkitoka hapa, mtuambie ndiyo au hapana."

Mzee Bendera akaisogelea ile meza ili aidharau. Nilimwona usoni kabisa amejiandaa kudharau. Akainama, akaangalia vilima, akaangalia vifungo vimesimama kwenye foleni.

"Bomba la maji haliko hapo," akasema.

"Liko wapi, Mzee?"

"Huku. Karibu na nyumba yetu."

"Mwambie," Baba akasema, "lilikuwa karibu na nyumba yetu sisi."

"Lilikuwa katikati!" Mama akadakia. "Nimechota mimi!"

Wakalisogeza bomba. Wakasogeza benchi. Baba akasema kilima kimezidi urefu, na Mzee Bendera, bila kumtazama, akakibonyeza kikashuka. Mimi na Futi tulirudi nyuma tukawaachia. Wazee walikuwa wameinama juu ya mlango wa choo, vichwa vinakaribia kugusana, wanapanga vifungo.

Mzee Bendera akakiinua kile kidoli. "Mkaguzi hakuwa na koti. Choo kilipoanguka alikuwa na shati tu."

"Kweli, alikuwa na shati," Baba akasema. Halafu akashtuka kwamba amekubali jambo, akakunja uso.

Futi akakivua kidoli koti. Mzee Bendera akalichukua lile koti dogo akaliweka chini, kando ya mwiko. "Lilikuwa hapa. Nililiokota mwenyewe."

Baba naye akanyoosha mkono, akaubandua ule mlango wa karatasi kwenye choo cha boksi.

"Baba, mbona unaubandua?" nikauliza.

"Hauhitajiki."

Nilitegemea Mzee Bendera abishe, maana alishabisha mpaka rangi ya benchi. Hakubisha. Wakatazamana mara moja, upesi, kisha mmoja akaangalia dari na mwingine akaangalia viatu vyake. Mimi nikapuuzia.

"Haya," Mzee Bendera akatangaza. "Shahidi ni kila mwenye macho. Njia naiweka hivi." Akausimamisha mwiko, wima. "Nikaondoka, nikaenda kusimama na bendera yangu huku mbele. Sikuugusa tena."

Akaenda mwisho wa meza, akakunjua bendera ya kijani. Bendera kubwa ya treni ya kweli, anaipungia treni ya kopo la samaki. Hakuna aliyecheka.

"Samahanini," Shangazi akanong'ona, "choo kiko wapi?"

"Hapo nyuma ya shuka, dada," Mama akamjibu. "Uimbe."

"Niimbe?"

"Uimbe, tutakuelewa."

Shangazi akachukua mkoba wake, akapita nyuma yetu. Macho yetu sote yalikuwa kwenye treni. Muda si mrefu wimbo ukaanza, mzito, wa kutoka tumboni.

Baba akainama. Akashika waya wa betri. Akapiga honi ndefu, ile ya kuingia stesheni, na nywele zangu zikasimama, maana sikuwahi kuisikia kwa miaka mingi ikiwa na furaha.

Treni ikaondoka. Ikazunguka kilima, ikapita bomba, ikawasalimia abiria wa vifungo. Bendera ya kijani inapepea. Nikamshika Futi mkono.

Treni ikafika penye njia mbili.

Ikakata pembeni.

Ikaenda taratibu, ikalifikia boksi la sabuni, ikalisukuma. Boksi likaanguka. Mkaguzi wa vitambaa akabaki amechuchumaa peupe.

"Haaa!" Baba akaruka. "Mmeona? Mbele ya watu! Amefanya tena!"

"Sijagusa!" Mzee Bendera akafoka. "Nimesimama huku! Mikono yangu hii hapa!"

"Muongo wewe!"

"Muongo ni wewe na kopo lako!"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu ajali kusemeshana wenyewe kwa wenyewe, na walikuwa wanatukanana. Futi akauachia mkono wangu. Nilimwona anaivua futi shingoni, anaikunja, anaiweka mfukoni. Futi kuivua futi! Nikajua nimekwisha.

Halafu akasimama palepale. Akanyoosha kidole.

"Ule ni nini?"

Mwiko ulikuwa umelala. Na juu ya mwiko ulikuwa unaning'inia mkoba mweusi wa Shangazi.

Kelele zikakatika. Sebule nzima ikabaki na wimbo wa Shangazi peke yake, ukitoka nyuma ya shuka, akidhani bado tunahitaji taarifa.

"Shangazi!" Futi akaita. "Umetundika mkoba kwenye mwiko?"

Wimbo ukakoma. "Nimeutundika kwenye kijiti hapo mezani!"

"Kwa nini?"

"Sasa nitundike wapi, shingoni? Humu ndani hamna mlango! Mlango wa kutundikia mmeugeuza meza!"

Akaendelea kuimba.

Mzee Bendera alikuwa anaangalia lile koti dogo la kidoli, pale alipoliweka mwenyewe, kando ya mwiko.

"Koti," akasema.

Baba akavua kofia. "Koti la Mkaguzi."

"Lilikuwa zito lile koti. Mlikuwa na funguo za stesheni zote mle."

"Na nyundo ya kugongea magurudumu."

"Na ule mkono wa reli ulikuwa umelegea, nilishaandika mara ngapi waje waufunge." Mzee Bendera akaliinua lile koti dogo. "Nikaliokota mimi. Nikalipangusa vumbi. Nikamvalisha. Kumbe ushahidi nimeupangusa kwa mikono yangu."

"Lakini Baba," nikasema, "Mkaguzi angetundikaje koti kwenye mkono wa reli? Kule si kulikuwa na choo cha kweli, na mlango wake?"

Wote wawili wakawa na sura za watoto waliovunja kitu.

Wazee wakatazamana tena, safari hii hawakukwepa.

"Sema wewe," Baba akanong'ona.

"Tuliapizana tusiseme."

"Watatufukuza kazi gani sasa? Tumestaafu. Sema."

Mzee Bendera akakaa kwenye kochi. Akamtazama Futi.

"Ulikuwa umezaliwa wiki ile. Tulitaka kukufanyia sherehe na hatukuwa na meza. Meza ya kukaa nyumba zote mbili. Basi mimi na huyu tukaenda..." Akautazama ule mlango juu ya ndoo. "Tukang'oa mlango wa choo cha stesheni."

"Usiku wake ikanyesha," Baba akaendelea, "tukasema tutaurudisha kesho. Kesho yake Mkaguzi akaja bila taarifa. Tukatundika shuka, tukamwambia mlango uko kwa fundi."

"Mali ya kazi ile. Wangejua tumeing'oa, siyo uhamisho tena, ni kufukuzwa wote wawili, na wewe una siku chache, na huyu mchumba wako ndiyo anaanza kutembea. Tukaapizana palepale kwenye kifusi, neno mlango lisitajwe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na mwiko mwingine mkononi.

"Ngoja kwanza," akasema taratibu. "Ile meza mlituambia mmeazima shuleni."

Baba akaanza kuipangusa kofia yake.

"Nilikula juu ya mlango wa choo?"

"Tuliusugua," Baba akasema.

"Nilikaribishia wageni!"

"Na tuliutandika shuka."

"Shuka gani tena, lile mlilolitundika chooni?"

Sijui nani alianza. Nadhani ni Mzee Bendera, alitoa sauti kama anakabwa, kumbe ni kicheko. Baba akafuata. Walicheka mpaka wakashikana mabega, mpaka Baba akawa anapiga honi bila kukusudia, mpaka machozi yakawatoka, na machozi yalipotoka yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha.

"Dereva wangu," Mzee Bendera akasema.

"Bendera," Baba akamjibu.

Hapo mimi nikalia bila kujificha. Nilikuwa nimewasikia wakisemana vibaya maisha yangu yote. Baba alimwita yule mzee kila jina baya alilolijua, barazani, msibani, harusini. Na Mzee Bendera huko kwake hali ilikuwa hiyohiyo. Lakini katika matusi yote hayo, hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja mlango. Kila mmoja angeweza kummaliza mwenzake kwa neno moja, na kila mmoja alilifungia.

Walikuwa marafiki muda wote ule. Walikuwa tu hawasalimiani.

Shangazi akatoka, akauchukua mkoba wake kwenye mwiko, akatukuta sote tunafuta macho.

"Nimeimba vibaya hivyo?" akauliza.

Futi akaitoa futi mfukoni, akaivaa shingoni. Akamgeukia baba yake.

"Ndiyo au hapana?"

"Nimuulize dereva wangu kwanza," akasema Mzee Bendera. "Tunawaachia njia?"

Baba akapiga honi mbili fupi. Wale wa treni wanajua maana yake ni nini, na sisi wengine tuliielewa tukiangalia uso wake.

"Jua linazama," Mama akatukumbusha.

Nikainuka nirudishe mlango. Wazee wakanizuia. Wakasema wao wana deni la mlango mmoja, na leo wanaulipa. Wakatoa stesheni yote, kilima kwa kilima, wakaubeba mlango wao wawili, Mzee Bendera mbele anaelekeza kwa bendera, Baba nyuma anapiga honi kwenye kona. Waligongana ukutani, wakalaumiana, wakasimama kupumzika, wakalaumiana tena. Waliufunga wenyewe na hawakutaka msaada wa fundi.

Waliufunga juu chini. Upande wa ndani ukawa nje.

Mpaka leo uko hivyo. Ule msumari wa kutundikia upo nje ya choo, usawa wa magoti, na Baba hataki mtu auguse. Ukifika na kukuta mkoba au koti limening'inia, unajua kuna mtu. Hakuna anayeimba tena.

Mapazia yalirudi siku iliyofuata, majirani wakasikitika. Kopo la samaki liko juu ya kabati letu mimi na mke wangu. Treni yenyewe haitembei, kwa sababu niliifungua kuisafisha na bado sijaifunga.

Nimewasimulia haya kwa sababu kila mtu ana wazee wake waliokosana. Ukitaka kujua kama bado wanapendana, usihesabu matusi, hayo hayana mwisho. Sikiliza kuna neno gani ambalo hata mmoja hajawahi kulitoa, hata siku ya hasira kali kabisa. Ukilipata, wakalishe meza moja.

Ila meza waazime kwa jirani.